Lalam na Endara Aliyoiweka Chini ya Video

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, naongopa. Mwaka wa 2021 mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, ulikuwa bado na mambo ya korona, watu wanavuka mto kwa kujificha, na soko lenyewe kimya. Mambo haya yalitokea soko likiwa limejaa, basi ni 2022, baada ya Pasaka, mvua zikielekea kwisha. Binti yangu akisoma hapa atasema ni 2023. Mwacheni aseme. Mimi ndiye niliyekuwepo.

Nataka kuwaeleza Lalam, yule mwanamke aliyekuwa anatengeneza video pale Bwera. Siku hizi watu wakimtaja wanamtaja kwa jambo moja tu, na mtu aliyeishi miaka yote hiyo hawezi kuwa jambo moja.

Jina lake ni la Kiacholi. Wengi waliuliza, Mwacholi anafanya nini huku chini ya mlima? Lakini Lalam hajawahi hata kuiona Kitgum, kwao Waacholi. Alizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi. Baba yake alikuja kijana kuchimba shaba, mgodi ulipofungwa wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, akisema mashine haziwezi kuachwa peke yake kama mbuzi. Akazilinda mashine zisizowaka mpaka akazeeka. Katika nyumba zile walikaa Wajaluo wa Kenya, Wakiga, Watoro, Wakonzo, watu wa Kongo, na watoto wao wote wakasemeshana Kiswahili, hiki chetu ambacho watu wa Mombasa wakikisikia wanashika mbavu. Kwa hiyo Lalam alikuwa na Kiswahili, na Kiingereza cha shule, na Kiacholi cha kugombezwa na mama yake. Lhukonzo, lugha ya wenyeji wa mlima, alijua ya kununulia ndizi tu.

Mto Nyamwamba ulipofurika ile mara ya kwanza, uliichukua nyumba yao. Mama yake alinieleza kwamba Lalam hakulilia kitanda wala nguo. Alilia picha. Zilikuwa kwenye kopo la biskuti, picha za baba yake na kofia ya mgodi, na picha ya mdogo wake aliyekufa na surua. Mto ulikwenda nazo. Nafikiri kazi yake ilianzia hapo, ingawa yeye mwenyewe alisema ilianza kwa sababu hakuwa na kazi nyingine.

Alijifunza kwa Mkenya mmoja, Rodney, mtoto wa fundi wa kiwanda cha simenti. Rodney alipiga video za harusi Kasese na Hima. Lalam alimshikia taa. Rodney alipenda kamera na kutembea katikati ya watu wenye suti, lakini kukaa kwenye kompyuta, kukata na kuunganisha na kuweka muziki, hakupenda. Akamwachia Lalam. Alipooa na kurudi kwao Kenya alimwachia kompyuta pia, ile ya kukunja, iliyokuwa na ufa kwenye kioo.

Lalam akakodi chumba Bwera, nyuma ya maduka ya vitenge, karibu na njia ya kwenda mpakani. Alichagua vizuri. Bwera ni mji ambao kila nyumba ina mtu wake ng'ambo. Mama yuko hapa, mtoto yuko Butembo. Kaka yuko Beni, dada yuko hapa anauza samaki. Watu wakapiga video kwa simu zao, za ubatizo, za mtoto anayeanza kutembea, za nyumba iliyoezekwa mabati mapya, wakamletea Lalam azitengeneze ndipo wazitume. Maana video ya simu ikitoka mkononi mwa mtu ni mateso. Inatikisika. Kuna kidole kwenye kona. Jogoo anawika, na jirani anagombana na mumewe nyuma ya ukuta, matusi yote yanasikika. Lalam alikata huku, akaunganisha kule, akaondoa matusi, halafu akaweka muziki chini.

"Muzee Chumvi," aliniambia siku moja, maana ndivyo walivyoniita, nikiwaletea chumvi kutoka Katwe, "kuweka muziki hata mtoto anaweza. Kazi ni kuushusha. Mtu akianza kusema unaushusha kidogo, akinyamaza unaupandisha polepole, mpaka anayetazama asijue umeupandisha. Akijua, umeharibu."

Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake nikipumzisha miguu. Niliona watu wakilia mbele ya kompyuta ile kwa sababu ya mtoto kuoga kwenye beseni. Bila muziki angekuwa mtoto anaoga tu.

Sasa muziki wenyewe ulikuwa na matata. Walokole walikataa wimbo wowote usiotaja Yesu. Wakatoliki wa Kongo walitaka rumba, isipokuwa siku ya komunyo. Na ukiweka wimbo wa mwimbaji mwenye jina halafu mwenye video akaipandisha mtandaoni, wale wa mtandao wanaikata sauti, video inabaki bubu, mteja anarudi kwako na mdomo mrefu. Lalam akachoka. Akaanza kuokota sauti zisizo na maneno, zisizo za mtu. Alizirekodi kwa simu yake, za mvua juu ya mabati, za wanawake wa Mubuku wakipiga mpunga, za kijana apulizaye filimbi karibu na kanisa. Akaziweka kwenye kompyuta, kila moja na jina lake alilolitunga, Mvua Nzuri, Mpunga, Filimbi ya Jumapili.

Na endara. Asiyeijua, ni magogo yaliyolazwa juu ya mashina ya migomba, watu wanakaa pande mbili na kuyapiga kwa vijiti, wengi kwa pamoja, na sauti yake unaisikia tumboni. Lalam alipanda mlimani kwa bodaboda kupiga video ya posa, akaisikia kutoka ng'ambo ya bonde. Akamwambia dereva asimame. Akainyoosha simu juu mpaka mkono ukafa ganzi. Ilitoka mbali, kwa hiyo hakuna kingine kilichosikika ila magogo. Akaiita Mlima.

Aliiweka chini ya video ya mtoto wa Kemigisha, Mtoro anayeuza maziwa, mtoto alipotimiza mwaka. Kemigisha aliicheza pale pale dukani na kopo la maziwa kichwani. Kwa hiyo Lalam alijua ni sauti nzuri. Nani angemwambia vingine?

Endara inapigwa kwa mambo mengi, na nisidanganye, mimi si mpigaji. Lakini mpigo ule, kwetu sisi Wakonzo wa upande ule wa mlima, na kwa ndugu zetu Wanande wa Beni na Butembo ambao ni sisi wenyewe tuliokatwa na mpaka, ulikuwa wa kumsindikiza mzee. Mzee mwenye wajukuu, amekufa, analala nyumbani kwake siku ya mwisho. Hakuna anayefundishwa. Unaujua kwa sababu siku ulipousikia mara ya kwanza mama yako alikuwa anagaagaa chini.

Marie-Louise alikuwa mwanamke wa Beni, anauza vitenge sokoni Mpondwe. Alivuka wakati wa vita akiwa na baba yake, Mzee Ephraïm. Kaka yake Fidèle alibaki Butembo na mke wake Rachelle na watoto, akitengeneza pikipiki. Mwezi wa pili mwaka huo mzee alishikwa kifua, akalazwa wiki kadhaa, na Marie-Louise hakumwambia Fidèle, akiogopa asije kwa njia ile ya Kasindi, upande wa Kongo, ambayo haina amani. Fidèle akasikia kwa watu wengine. Alikasirika sana. Alimwambia dada yake kwenye simu, "Siku Papa atakufa mutanificha vilevile, nitasikia kwa bamama ba soko."

Basi mzee alipopona, Marie-Louise akataka kumpoza kaka yake. Akampiga baba yake video kila alipokumbuka. Akinawa uso, akiwatupia kuku mtama, akitembea kwenda misa na fimbo yake, akisinzia kwenye kiti jua likimpiga kichwani. Akampelekea Lalam simu yenyewe, maana video zilikuwa nyingi na nzito.

"Zitengeneze vizuri," alisema, "halafu zitume kwa Fidèle kwa hii hii simu. Kesho ni soko, miye sina nafasi ya kusikiliza. Nataka ashituke."

Alishituka.

Nilifika Bwera siku ile ya soko, mchana, baada ya kukaa Katwe wiki nyingi. Lalam aliniona mlangoni.

"Muzee Chumvi! Nilifikiri ziwa limekumeza."

"Ziwa la Katwe halimezi mtu. Linamkausha tu."

"Umekauka kweli. Kaa. Umeme ulikatika tangu jana, umerudi sasa hivi, nikuonyeshe kazi yangu nzuri kuliko zote."

Akachomeka kompyuta, akaiwasha. Nikamwona Mzee Ephraïm ananawa uso na maji yanadondoka polepole, moja moja, maana Lalam alikuwa amezipunguza mwendo. Nikaona meno yake yaliyobaki yakicheka. Nikaona mgongo wake ukienda zake katikati ya migomba, na picha ikawa nyeupe, nyeupe, mpaka mzee akapotea. Halafu kwenye kiti, macho yamefungwa. Na chini ya yote hayo, endara, ikipanda na kushuka kama alivyojua yeye kuipandisha.

Nilivua kofia. Mkono ulipanda wenyewe.

"Pole sana, mwanangu," nikasema. "Alikufa lini?"

"Nani?"

"Mzee."

"Mzee gani?"

"Si huyu."

Lalam akacheka mpaka akashika meza. "Jua ya Katwe imekupiga! Huyu mzee iko mzima, jana alipita hapa akaniuliza kama nimeondoa pale anapokoroma."

"Sasa mbona umempigia ya kumsindikiza?"

Hakuelewa. Nikamweleza, na nilieleza vibaya, kwa kuzungukazunguka, maana jambo kama hilo hujawahi kumweleza mtu. Nilipofika kwenye wajukuu na siku ya mwisho nyumbani, akanyoosha mkono akaizima sauti. Mzee akaendelea kutembea kwenye migomba, kimya.

"Nani mwingine ameiona?" nikamuuliza.

"Nilimtumia mtoto wake. Butembo. Jana jioni."

"Hakupiga simu?"

Tukaitazama simu ya Marie-Louise pamoja. Ilikuwa juu ya rafu, imezimika. Moto wa betri ulikuwa umekwisha baada ya kutuma, umeme ukakatika, na umeme uliporudi alichomeka kompyuta kwanza ili anionyeshe mimi.

Akaichomeka. Tukasimama tukiingoja kama watu wanaongoja maji yachemke. Ilipowaka ilianza kutetemeka, ikatembea mezani yenyewe kama mdudu, ujumbe juu ya ujumbe, kutoka Butembo, kutoka Beni, kutoka kwa watu ambao hata Marie-Louise sijui kama aliwakumbuka. Poleni. Pole dada. Papa amepumuzika. Na Fidèle, mara nyingi, akiuliza, halafu akiomba, halafu akitukana. Wa mwisho ulikuwa wa alfajiri: *Niko njiani. Mulinificha ugonjwa, hamutanificha kaburi. Musimuzike bila miye.*

Lalam alikimbia sokoni bila viatu.

Marie-Louise alikuja na kitenge cha mteja bado begani. Alipoisikia endara alimpiga Lalam kofi moja, halafu papo hapo akamshika mkono uleule aliokuwa akijikinga nao, akasema, "Mupigie. Mupigie sasa." Wakapiga. Simu ya Fidèle haikupatikana. Wakampigia Rachelle, mkewe. Rachelle alikuwa analia matanga na majirani, tulisikia sauti zao. Alipoambiwa mzee ni mzima alipiga kelele ya furaha, na kabla haijaisha ikageuka kelele nyingine.

"Ametoka na pikipiki! Amepita njia ya Kasindi! Mama yangu, amepita njia ya Kasindi!"

Hapo ndipo sote tulipojua hesabu ya siku ile ilivyo. Barabara kutoka Beni mpaka Kasindi ina sehemu ambayo magari yanapita kwa kundi na askari mbele kwa kuogopa waasi, na pikipiki zinazopita peke yake wakati mwingine hazifiki. Ilikuwa lazima neno limkute Fidèle kabla hajatoka Beni. Hakuna lingine.

Mzee Ephraïm mwenyewe aliletwa, kwa sababu nani mwingine angethibitisha kwamba hajafa? Alikuja na fimbo yake, akakalishwa kwenye benchi langu, akaelezwa.

"Kumbe nimekufa," akasema. "Na balilia muzuri?"

"Papa, acha mchezo."

"Ninauliza tu. Rachelle alilia? Yule hanipendake."

Lakini alipoonyeshwa ujumbe wa mwisho aliacha mzaha. Akasema, "Nipigeni video. Sasa hivi. Bila muziki." Lalam aliishika simu ya Marie-Louise kwa mikono miwili. Mzee akaisogelea mpaka uso ukajaa. "Fidèle, mutoto yangu. Niko muzima. Unaona? Niko muzima, nimekula asubuhi. Usikuye. Usikuye kabisa, rudia bibi yako na batoto." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Iko miye, si mutu mwingine," kana kwamba kuna mwingine mwenye meno kama yale.

Lalam akaituma. Ikatokea alama moja ya kijivu. Aliniambia alama moja maana yake ujumbe umetoka kwako, ya pili maana yake umefika kwake. Tukakaa tunatazama alama moja.

Marie-Louise akampigia shangazi yao wa Beni. Ndiyo, Fidèle alipita pale, ametoka sasa hivi tu, alikuwa na haraka, alikwenda kutia petroli. Shangazi akamwita mumewe, Tsongo, "Kimbia kwenye petroli, umwambie papake ni mzima!" Tsongo akakimbia. Na sisi tukabaki na shangazi kwenye simu, tukingoja, akitusimulia jinsi Fidèle alivyokuwa amevimba macho.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi hukwama nikiieleza. Tsongo alimkuta. Alimkuta kabisa, pikipiki inaunguruma. Akamwambia, "Papa yako hakukufa, iko muzima, dada yako yuko kwenye simu." Fidèle akamuuliza, "Simu iko wapi?" Simu ilikuwa moja katika nyumba ile, nayo ilikuwa sikioni mwa shangazi, akiongea na sisi. Ya Fidèle mwenyewe alikuwa ameizima, moto umebaki kidogo, anautunza mpaka mpakani.

Na ninyi mnajua desturi. Mtu akifiwa na yuko mbali, haambiwi njiani. Anaambiwa, mzee anaumwa kidogo, njoo. Anaambiwa, ameamka vizuri, usikimbize pikipiki. Ni huruma, ili asianguke barabarani. Wote tumefanyiwa hivyo, na wote tumewafanyia wengine. Fidèle alimshika Tsongo bega akamwambia, "Asante, muzee. Vile ndivyo munasemaka siku zote." Akaondoka.

Tsongo alirudi akihema akampa shangazi maneno hayo, na shangazi akatupa sisi. Lalam akauliza, "Amesema nini? Amekubali?"

Mzee Ephraïm akasimama. "Tuende mpakani. Akifika anione."

Tukaenda, Mzee na Marie-Louise na Lalam na mimi. Kwenye kizuizi mzee alitaka kusimama katikati ya barabara, mahali pa kuonekana. Askari mmoja akaja mbio.

"Wewe mzee! Toka hapo! Rudi nyuma!"

"Afande," nikasema, "anangoja mtoto wake."

"Mtoto iko na kitambulisho?"

"Anacho."

"Basi atapita. Kaa chini. Chini!"

Mzee alikaa chini, kwenye vumbi, lakini mbele kabisa, na kila pikipiki iliyotoka ng'ambo aliinua fimbo. Zilikuja za nyanya, za mkaa, za wanawake watatu kwenye kiti kimoja. Lalam alikuwa ameshika simu, haitazami barabara, anatazama ile alama. Mara mbili alisema, "Ngoja, ngoja." Marie-Louise hakumsemesha ila mara moja tu, alipomtupia kitambaa avae kichwani, jua lilikuwa kali.

Jua lilipoanza kulala magari yakaacha kuja. Kisha likaja lori moja, dereva uso umepauka, akasema huko nyuma kumepigwa, kundi limetawanyika, watu wamekimbilia msituni, pikipiki zimeachwa zimelala barabarani na nyingine zinawaka moto. Watu wakamzunguka wakiuliza, ya rangi gani, mtu wa namna gani. Alisema hakutazama. Hata mimi nisingetazama.

Fidèle hakufika siku ile wala nyingine.

Rachelle alivuka baada ya miezi, na watoto, akaenda kila mahali panapoorodheshwa watu, na hospitali zote za ng'ambo. Hakupata mtu wala mwili. Padri alisoma misa ya wasafiri, maana ya marehemu alisema hawezi. Matanga hayawezi kulaliwa. Nani atamsindikiza mtu ambaye labda yuko mahali anakunywa chai? Na huko Butembo ile video ilikuwa imekwisha kupita kwenye simu za watu. Lalam aliifuta kwake, akaifuta kwa Marie-Louise, haikusaidia kitu. Mtu fulani aliongeza mishumaa. Mwingine akaongeza msalaba na jina la mzee. Mzee Ephraïm alionyeshwa na binamu aliyekuja sokoni. Akaitazama yote. "Ni muzuri," akasema. "Huyu mwanamuke anajua kazi." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo sababu Lalam alitoka nje.

Watu wa sokoni walimpa jina, Mama Matanga. Wakipita mlangoni pake walijifanya kuvua kofia. Wateja wakapungua. Waliobaki aliwauliza maswali mpaka wakachoka. Huyu ni wa wapi? Kwao sauti hii ni ya nini? Na hii? Evas, msichana anayetengeneza simu chumba cha pili, alimwambia, "Lalam, ni birthday ya mtoto, weka chochote." Lalam akasema chochote hakuna. Mwisho alianza kuwapa watu video zao bila muziki, na jogoo wake na matusi ya jirani, na watu wakauliza kwa nini basi wamlipe.

Alirudi Kilembe kwa mama yake mwaka uliofuata. Analima mboga kidogo juu ya mto, na ukimletea video ataikata na kuiunganisha, lakini muziki hapana. Kila mwezi anashuka Bwera. Anamchukua Mzee Ephraïm kwa Marie-Louise, anambebea kigoda mpaka mpakani, wanakaa. Askari wanabadilishwa, wapya wanafoka, wanaelezwa na wale wa zamani, wananyamaza. Sijui wanazungumza nini wale wawili. Nilipokaa nao walizungumza habari za kuku.

Jambo la mwisho ninalolijua ni hili. Mwaka jana, msimu wa mahindi, nilikuwa kwa Marie-Louise nikila, na Lalam yupo. Simu ya Marie-Louise ilikuwa katikati ya sahani. Lalam huifungua kila akija, anatazama ile video ya mzee akisema yu mzima, aliyoituma kwa Fidèle siku ile, anaifunga. Safari hii hakuifunga. Aliisukuma kwangu kwa kidole, kwa kuwa nilikuwa karibu, kama anayeogopa kuigusa. Kulikuwa na alama mbili.

Marie-Louise akapiga. Iliita. Miaka yote haikuwa imeita, na sasa iliita, tukasikia kila mlio, mzee akiwa amenyoosha mkono apewe aseme. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikaita tena. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Nilimpelekea Evas simu ile kesho yake, akaigeuzageuza, akasema imefika, ndiyo, kuna mtu aliiwasha huko iliko, zaidi ya hapo simu haisemi. Nikamuuliza Evas, na nimemuuliza padri, na afande wa mpakani, na vijana wenu wote wanaojua mambo ya simu: mtu akiokota simu ya mwenzake, akaiwasha, akamwona mzee amejaa kwenye kioo anasema niko muzima, usikuye, asingejibu hata neno moja?